Kijana aliyelemewa na mawazo shuleni: mwongozo kamili kwa mwalimu wa unasihi, matroni na mzazi

Nilipoteuliwa kuwa mwalimu wa unasihi nilikuwa nafundisha Jiografia. Muhula ule wa kwanza binti mmoja wa kidato cha tatu alinifuata mara tatu kuniuliza maswali ya ramani. Majibu yake alikuwa anayajua. Nilikuwa nimemsahihishia daftari wiki ileile. Mara zote tatu nilimweleza ramani, nikamwambia aende. Wiki iliyofuata hakuonekana tena shuleni, na yaliyokuwa yakimpata nyumbani niliyasikia kwa wenzake akiwa ameshaondoka. Mwongozo huu nauandika kwa mwalimu, matroni, patroni au mzazi, ili lisimkute lililonikuta.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Chukua mkondo wa wanafunzi 50: hao ni kama saba. Wengi wao hawahitaji kulazwa. Wanahitaji kwanza mtu mzima mmoja, palepale shuleni, anayegundua kwamba juzi hawakuwa hivi, na anayejua afanye nini saa hiyo. Kazi hiyo inafundishika, na huhitaji shahada ya saikolojia kuianza.

Hatua ya kwanza: tumia maneno wanayoyatumia wao

Ukisimama mstarini ukatangaza kwamba leo tunazungumzia afya ya akili, nusu ya wanafunzi watacheka na nusu watainama. Kwao neno "akili" likitajwa pamoja na ugonjwa linamaanisha kichaa wa stendi. Kijana aliyelemewa hajioni kichaa, kwa hiyo anajiambia hayamhusu. Msikilize anavyosema mwenyewe: "nina mawazo", "moyo mzito", "sijisikii", "nimechoka na kila kitu". Mara nyingi hasemi hata hayo. Anasema kichwa kinamuuma, tumbo linamkata, moyo unamwenda mbio usiku. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kwenda zahanati mara tatu kwa mwezi mmoja, na kila mara akarudi na dawa ya maumivu tu, tayari amekuambia jambo.

Wewe mwenyewe jifunze kutofautisha machache. Msongo wa mawazo una sababu unayoweza kuigusa, kama mtihani, ada au ugomvi, na hulegea sababu inapolegea. Sonona ni huzuni au kukosa hamu ya chochote inayomkaa mtu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na usingizi kuharibika, kula kubadilika, kushindwa kutuliza akili na kujiona hana thamani. Kwa vijana, huzuni hiyo mara nyingi hujitokeza kama hasira, ndiyo maana wengi wao hufika kwanza kwa mwalimu wa nidhamu. Wasiwasi uliopitiliza unamfanya kijana atetemeke kuitwa ubaoni hata somo analoliweza. Kiwewe hufuata tukio: kifo, kipigo, kubakwa, ajali. Si kazi yako kuandika jina la ugonjwa kwenye faili. Unajifunza haya ili ujue nani asubiri hadi kesho na nani asisubiri.

Na tusisahau kisa cha Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari walitafuta maradhi na sumu, hawakuona kitu. Leo jambo hilohilo linatokea mabwenini kwa sura ya kuanguka na kupiga kelele, nasi tunasema mapepo, tunaita watu waje kuombea, umati unakusanyika, na wanaoanguka wanaongezeka. Mimi ni muumini na ninasali, lakini katika hili nimeona kinachosaidia. Wa kwanza wanaoanguka watolewe kimyakimya mmojammoja, wapelekwe mahali tofauti penye utulivu. Mtazamaji asiwepo. Muuguzi ahakikishe si malaria wala kifafa. Siku inayofuata, wanapokuwa wametulia, uliza bweni zima linaishije: wanalala saa ngapi, wanaogopa nini, nani anawatisha. Miili mingi ikianguka pamoja, tafuta kilichowalemea pamoja.

Hatua ya pili: chagua watu, kisha mahali

Wanafunzi wawachague wenyewe walimu wawili wa unasihi, mwanamke na mwanaume, kwa kura ya siri. Mkuu wa shule akichagua peke yake atampa mwenye vipindi vichache, na wanafunzi wanajua nani wanaweza kumwambia. Mwalimu wa nidhamu asipewe kazi hii hata akiwa mpole namna gani, kwa sababu mtoto hawezi kumfungulia moyo jioni mtu anayeweza kumwadhibu kesho.

Matroni na patroni ndio wanaoona zaidi ya sisi sote. Wanajua nani analia usiku, nani amerudi kukojoa kitandani, nani sahani yake inarudi imejaa. Wape semina ileile mnayowapa walimu. Mpishi na mlinzi nao waambieni kwa maneno machache waangalie nini na wamwambie nani.

Mahali pawe panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Benchi chini ya mwembe pembeni ya uwanja linafaa kuliko ofisi iliyofungwa, na linakulinda wewe na mwanafunzi pia. Weka siku na saa zisizobadilika, tuseme Jumanne na Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, na uwepo hata asipokuja mtu. Wiki tatu za kwanza nilikaa peke yangu. Wiki ya nne walikuja wawili kwa pamoja, mmoja akisema anamsindikiza mwenzake. Tengeneza pia sababu nyingine ya kukufikia, bustani au maktaba, ili anayekuja asionekane amekuja "kushauriwa". Sanduku la maoni ni zuri iwapo ufunguo unao wewe peke yako na unalifungua kila siku. Barua ya mtoto anayeomba msaada ikikaa humo wiki mbili, ni heri sanduku lisingekuwepo.

Hatua ya tatu: soma mabadiliko

Rejista ya mahudhurio ndiyo kipimo cha kwanza, na kila shule inayo. Kila Ijumaa pitia majina: nani amekosa siku mbili au zaidi, nani anachelewa ambaye hakuwa akichelewa. Kisha angalia alama zilizoshuka ghafla katika masomo yote kwa pamoja, daftari zisizoandikwa, sare ya mtoto nadhifu iliyoanza kuchafuka, rafiki wa kudumu aliyeachwa. Angalia anayegawa vitu vyake. Angalia mikono mirefu ya sweta wakati wa joto. Usimtazame mgomvi peke yake. Mtulivu wa safu ya nyuma asiyesumbua mtu anaweza kumaliza miaka minne bila mwalimu kumuuliza habari yake hata siku moja.

Kuna kundi ambalo rejista haitakuonyesha vizuri: wanaopanga geto. Katika shule nyingi za kata, mtoto wa miaka 14 anayetoka mbali anapangiwa chumba mtaani, anajipikia, analala bila mtu mzima. Binti wa geto akianza kuwa na simu mpya au kusinzia darasani, usianze na lawama. Anza na swali la chakula: jana ulikula nini, na nani alikupa?

Weka daftari dogo linalofungiwa. Andika tarehe na ulichokiona kwa macho: "Jumatatu, hakula mchana. Jumatano, alilala kichwa mezani vipindi viwili." Usiandike "mvivu" wala "ana sonona". Ukijaza wiki mbili mfululizo kwa jina lilelile, ni wakati wa kumwita.

Hatua ya nne: mazungumzo yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo tunapoharibu kwa nia njema.

Usimwite kupitia kiranja wala mbele ya darasa. "Unaitwa ofisini" kwa mwanafunzi wa Tanzania ni habari ya adhabu, na atafika ameshajifunga. Mpe kazi: "Njoo unisaidie kubeba daftari hizi." Njiani mtatembea bega kwa bega, na kwa kijana hiyo ni rahisi kuliko kukaa uso kwa uso. Ataitikia kwa kuangalia chini. Tumewafundisha wenyewe kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu, basi usisome macho yaliyoinama kama uongo. Salamu yake ipokee. "Marahaba, mwanangu, hujambo?" iliyosemwa polepole na kusubiriwa jibu la kweli inafungua zaidi kuliko maswali kumi.

Kisha mwambie ulichokiona, bila hukumu: "Nimeona wiki hii huli mchana, na jana hukucheza mpira ambao unaupenda. Nikakufikiria. Vipi?" Halafu nyamaza. Kimya cha sekunde ishirini kinachosha, sisi walimu tumezoea kukijaza, lakini mara nyingi maneno ya mtoto yako mwisho wa kimya hicho. Akisema "hamna kitu, mwalimu", usimbane. Mwambie: "Sawa. Nipo Alhamisi pale mwembeni. Hata ukitaka kukaa tu bila kusema." Wengi hurudi.

Akirudi na swali la ramani, jibu la ramani kwanza. Kisha uliza: "Na wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Kabla hajaanza kusimulia, mweleze mpaka wa siri, kwa sababu ukimweleza baadaye atajiona amesalitiwa. Mimi husema hivi: "Utakayoniambia yatabaki kwangu. Kuna mambo matatu tu ambayo siwezi kuyakalia peke yangu: ukitaka kujidhuru, mtu akikudhuru, au wewe ukitaka kumdhuru mtu. Hata hayo nitakuambia kwanza naenda kumwambia nani, na tutakwenda pamoja." Siri nyingine zote zikae. Ukiisimulia staff room hata bila kutaja jina, shule ni ndogo, itajulikana kabla ya jioni, na baada yako hakuna mwanafunzi atakayefungua mdomo tena.

Anapozungumza, rudia kwa ufupi ulichosikia: "Kwa hiyo tangu baba aondoke wewe ndiye unayewapikia wadogo zako, na usiku ndipo unaposoma." Mtoto aliyesikilizwa sawasawa utamwona mabega yakishuka. Yapo maneno ambayo naomba tuyaache kabisa: "acha kuwaza sana", "wenzako wana shida kuliko zako", "wewe ni mwanaume, jikaze", "soma kwa bidii mengine yatapita", "mshukuru Mungu una wazazi". Kila mojawapo linamwambia kwamba amekosea kusema. Hata "pole" ikitolewa haraka mno hufunga mazungumzo. Itoe, kisha baki hapo.

Usimalize kwa hotuba. Maliza kwa jambo moja dogo la kufanya kabla hamjaonana tena, na siku ya kuonana. "Leo usiku jaribu kulala saa nne, nitaongea na matroni. Jumanne nitakuuliza." Na Jumanne umuulize kweli. Ukisahau mara moja, utakuwa umeungana na watu wazima wengine wote waliomwahidi.

Hatua ya tano: anapozungumzia kufa

Kwa takwimu za WHO, kujiua ni miongoni mwa sababu tatu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Kwa hiyo ukisikia "heri nisingezaliwa", "nikiondoka mtapumzika", au ukaona limeandikwa nyuma ya daftari, usilichukulie kuwa deko.

Muulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi tunaogopa kwamba tukiuliza tutampandikizia wazo. WHO inaeleza kinyume: kuuliza hakuchochei, na mara nyingi humpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya ajione ameeleweka. Sema neno lenyewe, kwa sauti ya kawaida. Akijibu ndiyo, muulize kama amefikiria atafanyaje, lini, na kama anacho kitu cha kufanyia. Kadiri mpango ulivyo wa karibu na kitu kilivyo jirani, ndivyo usivyotakiwa kumwacha.

Akiwa na mpango, kuanzia dakika hiyo asiwe peke yake, hata chooni asindikizwe kwa staha. Ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu wa mashambani, sumu ya panya, dawa za hospitali na vitu vyenye ncha. Kama anaishi nyumbani, mwambie mzazi afanye hivyo jioni ileile. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali kwa awamu, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu saa ya hatari kwa wengi huwa fupi, na ikipita mtu huishi. Usimwahidi siri. Usimsomee dhambi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wewe au matroni mkiwa pamoja naye.

Wapo wanaoficha jaribio la mwanafunzi kwa kuogopa polisi. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isimcheleweshe mtoto hata saa moja. Aliyekunywa kitu anahitaji daktari, na maelezo mengine yatafuata akiwa hai.

Ikitokea shule imempoteza mwanafunzi kwa njia hii, msitangaze namna alivyofanya wala msimfanye shujaa mstarini. Wafuateni marafiki zake wa karibu mmojammoja wiki hiyo, na tena mwezi unaofuata.

Hatua ya sita: rufaa, na nani apigiwe

Andika orodha ukiwa na utulivu, uibandike ndani ya kabati lako: simu ya mganga wa kituo cha afya kilicho karibu, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hospitali ya wilaya au mkoa yenye huduma ya afya ya akili. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure Tanzania, na namba hiyohiyo inatumika Kenya na Uganda. Ibandike pia mabwenini na nyuma ya milango ya vyoo, ambako mtu anaweza kuisoma bila kuonekana. Wengi wetu tukisikia "hospitali" tunawaza Mirembe, Dodoma, na mtoto naye anawaza hivyo. Mweleze kwamba anakwenda kuongea na daktari au muuguzi wa hospitali ya wilaya, kama anavyokwenda mwenye pumu.

Ubakaji una saa zake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari. Uliza kama hospitali yenu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii wanakutana mahali pamoja, ili asisimulie mara tano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtu wajibu wa kutoa taarifa haki ya mtoto inapovunjwa, kwa hiyo kikao cha kusuluhisha kati ya familia ya mtoto na ya aliyemtendea uovu huo si chaguo, hata kama anayekaa kwenye kikao hicho ni mtu mnayemheshimu.

Hatua ya saba: mzazi

Mzazi akiitwa shuleni anajua ni kesi au ni mchango. Anakuja amekasirika tayari, na hasira hiyo inaishia kwa mtoto njiani. Ndiyo maana napendekeza simu ya kwanza iwe ya heri. "Shikamoo mama, mimi ni mwalimu wa mtoto wako. Nimekupigia kukuambia kwamba mtoto wako ana heshima na ameniandikia kazi nzuri." Simu hiyo ya dakika mbili ndiyo akiba utakayoitoa siku ya shida.

Siku hiyo ikifika, usiseme "mwanao ana tatizo la akili". Mwambie ulichokiona kutoka kwenye daftari lako, kisha umuulize yeye: "Nyumbani mnamwonaje?" Mara nyingi mama alikuwa ameona kabla yako na hakuwa na wa kumwambia. Akitaka kumpeleka kwa mchungaji, shehe au mganga, usibishane naye. Mwombe mambo mawili: sala iendelee na daktari aonwe pia, na mtoto asifungwe, asipigwe wala asinyimwe chakula kwa jina la tiba. Akina baba wahitaji neno lao peke yao. Baba anayesema "sisi tulikulia shida kuliko hizi" anaogopa, na ukimpa kazi mahususi, kama kumpigia kijana simu kila Jumapili bila kutaja masomo, ataifanya.

Lakini kama tatizo lenyewe liko nyumbani, usimpigie mzazi. Mtafute shangazi, mjomba au bibi ambaye mtoto mwenyewe amemtaja.

Hatua ya nane: rekebisha ratiba

Hatuwezi kumshauri mtoto jioni juu ya mzigo tuliombebesha asubuhi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Hesabu bweni lenu: prepu inaisha saa nne usiku, kengele ya kuamka inalia saa kumi na nusu alfajiri. Ukiondoa kujiandaa, ni saa sita. Kabla hujanunua kitabu chochote cha saikolojia, nenda kwa mkuu wa shule na hesabu hiyo mkononi. Kwetu tulisogeza kengele kwa dakika arobaini tu, na matroni ndiye aliyeniambia wa kwanza kwamba malalamiko ya kichwa yamepungua.

Matokeo yaliyobandikwa ukutani kwa nafasi, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, yaondoke. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora Januari 2023. Mpe kila mmoja karatasi yake. Na mwezi wa Oktoba, kabla ya upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne, punguzeni hotuba za "hapa ndipo maisha yako yanaamuliwa". Waonyesheni njia nyingine zilizopo: kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, VETA, vyuo vya kati.

Juu ya fimbo nitasema moja. Kanuni zinaruhusu viboko kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kwenye kitabu, si kwa kila mwalimu aliyekasirika. Lakini mtoto anayepigwa nyumbani kisha akapigwa shuleni kwa kuchelewa hana mahali pa kukimbilia, na mimi sijawahi kumwona hata mmoja aliyefunguka baada ya kuchapwa.

Hatua ya tisa: vikao vya kujenga ustahimilivu

Ustahimilivu haumaanishi kuvumilia kimya. Ni ujuzi wa kuinuka, na unafundishwa kwa wote kabla shida haijamfika mmoja. Mfano ulio karibu nasi ni wa Shamiri, taasisi ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 2018 na Tom Osborn na wenzake. Vijana wa miaka 18 hadi 22, waliomaliza sekondari juzijuzi, walifunzwa kwa muda mfupi kisha wakaongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja, kimoja kila wiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 wenye wanafunzi 413, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hawakuzungumzia ugonjwa. Walizungumzia kukua, shukrani, na mambo mtu anayoyathamini.

Kwetu tunafanya kwa kufuata nyayo hizo, vikundi vya watu kumi, siku ya klabu. Kikao cha kwanza, mhitimu wa shule anasimulia alivyoshindwa jambo na alivyolifanya tena tofauti. Kila mmoja anaandika lake. Cha pili, kila mmoja anamwandikia barua mtu aliyemtendea wema, na akiweza anampelekea. Hapo huwa kuna machozi, wape nafasi. Cha tatu, wanaandika kitu wanachokithamini hata kama hakipo kwenye mtihani: kulea wadogo, kuimba kwaya, kutunza mifugo, kusema kweli.

Kikao cha nne nimekichota Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa Harare kuketi kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi kwa Kishona. Njia yao ni rahisi kuieleza. Taja matatizo yote, chagua moja linaloshikika, tafuta pamoja njia za kulitatua, chagua moja, nenda ukajaribu, rudi utuambie. Mwanafunzi mwenye matatizo saba yaliyofungamana huona ukuta mmoja. Akiyaandika yakawa saba, akachagua "sina mafuta ya taa ya kusomea", hilo lina jibu wiki hii: kukaa maktaba hadi saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya kumi: siku ya kurudi

Mwanafunzi aliyelazwa, aliyejaribu kujidhuru, aliyejifungua au aliyepotea wiki tatu kwa aibu, hupotea tena siku ya kurudi tukimpokea vibaya. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurejea katika shule ya serikali, lakini ruhusa ya waraka na mapokezi ya darasani ni vitu viwili.

Siku moja kabla, ongea naye mkubaliane jibu la wenzake wakimuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa naumwa, nashukuru naendelea vizuri" linatosha, na asilazimishwe kuongeza. Waambie walimu wa masomo wasimuulize mbele ya darasa na wasimpe majaribio yote aliyoyakosa kwa wiki moja; mpangieni masomo mawili kwanza. Mchague rafiki mmoja, anayemkubali yeye, akae naye dawati moja na ampe daftari za kunakili. Matroni ajue dawa zake zinakaa wapi na zinanywewa saa ngapi. Wiki ya kwanza muone kila siku, hata kwa dakika tatu kwenye korido. Ya pili mara mbili. Kisha Jumanne kwa Jumanne hadi muhula uishe.

Asubuhi ile ya kwanza, uwepo getini kabla yake. Mpokee begi, itikia shikamoo yake, mtembee pamoja hadi mlango wa darasa mkiongea habari za njiani.